Surua kwenye shule za bweni zamani: kwa nini kufunga shule hakukusaidia?

Mwl_Mdandu

Kamwene wakuu. Naandaa somo la klabu ya afya, sekondari ya bweni mkoani Njombe, wanafunzi kama 600. Mada ni namna milipuko ya surua ilivyodhibitiwa mashuleni kabla ya chanjo na baada ya chanjo kuingia. Sitaki nadharia za kitabuni tu. Nataka kujua walimu na waganga walifanya nini hasa, kwa siku zipi, na nini kiliwaangusha.

Kuna mambo matatu yananitatiza. Kwanza, kanuni ya wazee ilikuwa "surua ikiingia, rudisha watoto kwao". Naona watu wa afya wanaipinga, lakini hawaelezi kwa nini. Pili, vijana wataniuliza: kama chanjo ipo tangu zamani, inakuwaje surua inatokea kwenye shule ambayo karibu kila mtu amechanjwa? Tatu, wazazi wa huku bado wapo wanaosema mgonjwa wa surua asichomwe sindano, aachwe vipele "vitoke vyote" kwanza.

Wenye ujuzi naomba mnimegee.

---

Tabibu_Tukuyu

Mwalimu, anza na kalenda ya ugonjwa. Mengine yote yanatoka hapo.

Mtoto akivuta hewa yenye virusi leo, leo iite siku ya 0. Kwa siku kama 10 hana kitu, yuko uwanjani anacheza mpira. Kwenye siku ya 10 inaanza homa, mafua, kikohozi kikavu na macho mekundu yanayokimbia mwanga. Vipele vinakuja siku ya 14 hivi, vikianzia nyuma ya masikio na usoni, kisha kifuani, mwisho miguuni. Sasa hapa ndipo penye kazi: anaambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada ya vipele. Matroni anapoona vipele na kumtenga mtoto, huyo ameshakohoa siku nne bwenini, darasani na kwenye foleni ya chakula. Na virusi hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Kati ya watu wasio na kinga wanaokaa naye karibu, 9 kwa 10 watapata.

Hesabu hii si mpya. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa visiwa vya Faroe, ambako surua ilikuwa haijaonekana tangu 1781. Watu zaidi ya 6,000 kati ya 7,782 waliugua. Panum alikwenda kijiji kwa kijiji akiuliza nani alikutana na nani, siku gani, akaona vipele vinatoka siku ya 13 au 14 baada ya kukutana. Akaona pia kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa hata mmoja. Kwa hiyo silaha mbili za shule ya bweni zilishajulikana miaka mia moja na zaidi kabla ya chanjo: kuhesabu siku, na kujua nani alishaugua.

Turudi kwenye kufunga shule. Ukiwaondoa watoto siku ile ile vipele vya kwanza vinapoonekana, walioambukizwa na yule wa kwanza wako siku ya 0 hadi ya 4. Wazima kabisa. Wanapanda basi kwenda Ludewa, Makete, Mbarali. Wiki moja au zaidi kidogo baadaye kila mmoja anaanza kukohoa akiwa nyumbani, amelala chumba kimoja na wadogo zake. Kijana wa miaka 15 aliyeshiba ana nafasi kubwa ya kupona surua. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye utapiamlo hana nafasi hiyo. Mtafiti Peter Aaby alipochunguza surua Guinea-Bissau miaka ya mwisho ya 1970, aliona kwamba watoto walioambukizwa na mtu wa nyumba yao walikufa zaidi kuliko yule aliyeuleta ugonjwa ndani, kwa sababu wanavuta virusi vingi, usiku kucha, kwa karibu. Kufunga bweni kulikuwa kuhamisha ugonjwa kutoka umri unaovumilia kwenda umri unaokufa.

Shule za bweni zilizokuwa na nesi makini zilifanya kinyume: hakuna anayetoka. Daftari linafunguliwa siku hiyo hiyo. Kila mwanafunzi anaulizwa kama alishaugua surua, na mzazi anaandikiwa barua pale ambapo mtoto hajui. Walioshaugua wanaendelea na masomo kama kawaida. Wasiougua ndio wanaofuatiliwa: kuanzia siku ya 8 tangu wakutane na mgonjwa hadi siku ya 16, wanapimwa joto asubuhi na jioni, wanatazamwa macho na mdomo. Mwenye nyuzi 37.5 au mafua anaondolewa bwenini hapo hapo, haingojewi vipele.

Kinachoharibu utaratibu huu ni kumweka mshukiwa pamoja na wagonjwa wa kweli. Mwezi Juni na Julai huku kwetu nusu ya bweni lina mafua ya baridi. Ukimchukua mwenye mafua tu ukamlaza na wagonjwa wa surua, umemwambukiza wewe. Vinatakiwa vyumba viwili: cha wasiwasi na cha wagonjwa. Cha kuwatofautisha ni madoa ya Koplik (Henry Koplik, New York, 1896): mpeleke mtoto dirishani penye mwanga, vuta shavu kwa mpini wa kijiko, angalia ndani mkabala na magego. Utaona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi juu ya ngozi nyekundu. Hutokea siku moja au mbili kabla ya vipele, na hupotea haraka vipele vikishatoka, kwa hiyo asiyeangalia kila siku atavikosa.

Kufukiza salfa mabwenini na kuchemsha mashuka kwa ajili ya surua kulikuwa kupoteza kuni. Virusi hivi havidumu kwenye shuka. Kilichosaidia ni madirisha wazi mchana na vitanda kuachana, na hilo jaribu kumshauri mtu Makete mwezi wa saba.

---

Ipogolo_Kaskazini

Tabibu nakubaliana na mengi, ila hukumu ya kufunga shule umeifanya nzito mno. Umesema habari za bweni. Shule ya kutwa ni kitu kingine, maana mtoto analala kwao kila siku hata hivyo, hakuna pa kumzuia. Huko kufunga darasa moja la watoto wadogo kulikuwa na mantiki, mradi kufungwe kwa siku sahihi. Mgonjwa wa kwanza akionekana, kundi la pili litaanza kukohoa kwenye siku ya 9 au ya 10. Kufunga papo hapo kwa wiki moja kunamaliza likizo kabla hatari haijaanza, na watoto wanarudi darasani siku ile ile wanayoanza kuambukiza. Ufunge kuanzia siku ya 9 hadi ya 15 hivi, kwa wasiougua tu. Tatizo lilikuwa wakuu wa shule kuchukua hatua baada ya kuona vitanda vimejaa, yaani kizazi cha pili kimeshatokeza na cha tatu kiko njiani.

Uingereza waliwahi kufanya surua iwe ugonjwa wa kutolewa taarifa kisheria mwaka 1916, wakaiacha 1919, wakairudisha 1940. Taarifa peke yake haikuzuia kitu, kwa sababu hii hii: inafika ofisini siku vipele vimetoka.

---

Tabibu_Tukuyu

Sawa kaka, kwa shule ya kutwa nakupa hoja. Bwenini nasimama pale pale.

Kuna silaha moja nimeisahau. Kabla ya chanjo waganga walitumia seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) ya waliopona surua. Nicolle na Conseil waliijaribu Tunis wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na miaka ya 1940 ikaja globulini, yaani protini za kinga zilizochujwa kutoka damu ya watu wengi. Ukimchoma mtoto ndani ya siku 6 tangu akutane na mgonjwa, ama haugui, ama anaugua kidogo. Lakini kinga hiyo ni ya kuazima, inaisha baada ya wiki chache, na ilikuwa ghali. Ilitunzwa kwa watoto wachanga na wadhaifu, haikuwa dawa ya kumaliza mlipuko wa shule nzima.

---

Nesi_Uyole

Mwalimu, nijibu lile la sindano na matunzo, maana hapo ndipo watoto walipopotea zaidi.

Vipele havina haja ya kusaidiwa "kutoka". Kinachoua ni nimonia, kuharisha na kuishiwa maji, na ubongo kuvimba kwa wachache. Mtoto wa surua anayepumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani, anahitaji antibayotiki bila kuchelewa, na kama ni ya sindano achomwe. Asiyekuwa na dalili hizo hahitaji antibayotiki. Waambie wazazi mambo yote mawili, wasije wakadhani hospitali inachoma kila mtu.

Macho ni habari ya peke yake. Surua inamaliza vitamini A mwilini, kioo cha jicho kinakauka na kutoboka. Juu ya hapo watu walikamua dawa za majani machoni, kidonda kikazidi. Upofu mwingi wa watoto nchini miaka ile ulifuata surua.

Dawa yake ni rahisi na ilithibitishwa hapa hapa Tanzania. Barclay, Foster na Sommer walichapisha mwaka 1987 utafiti wa hospitali ya Mvumi, Dodoma: watoto 180 waliolazwa kwa surua. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6, kati ya 92 wasiopewa walikufa 12. Idadi yenyewe ndogo, ungeweza kusema ni bahati, lakini Cape Town mwaka 1990 ilionekana hali hiyo hiyo na kwa nguvu zaidi. Na kinachonikera ni kwamba Ellison alishaiona London mwaka 1932 kwa mafuta ya ini la samaki: watoto 300 waliopewa walikufa 11, wasiopewa 300 walikufa 26. Ikakaa kabatini miaka hamsini.

Vipimo: chini ya miezi 6, yuniti 50,000. Miezi 6 hadi 11, yuniti 100,000. Mwaka 1 na kuendelea, yuniti 200,000. Inatolewa siku ya kwanza na siku inayofuata. Mwenye dalili za macho anapewa ya tatu baada ya wiki 2 hadi 4, pamoja na dawa ya macho ya tetrasaiklini. Kosa la kawaida ni kutoa siku ya kwanza tu na kusahau kesho yake, kwa hiyo andika ukutani. Na msichana mwenye ujauzito hapewi dozi hizi kubwa, apelekwe kwa tabibu kwanza.

Chumbani: mdomo unajaa vidonda, asilazimishwe ugali. Uji mwepesi, maziwa, maji ya chumvi-sukari akiharisha, kusukutua kwa maji ya chumvi kidogo. Mlo wa bweni wa ugali na maharage mwaka mzima hauna vitamini A ya kutosha. Mawese mekundu ya Kyela kijiko kimoja kwenye mboga yanafanya kazi kubwa, na mchicha na karoti za Uyole hazijawahi kuwa ghali.

---

Mratibu_Mbozi

Swali la pili nalichukua mimi, maana watu wanaliogopa bure. Lipige hesabu ubaoni, Mwalimu.

Shule ya wanafunzi 600. Chukulia 90 kwa 100 walichanjwa dozi moja wakiwa na miezi 9. Kwa umri huo chanjo inashika kwa watoto kama 85 kati ya 100, kwa sababu kinga waliyorithi kwa mama bado inaizuia kwa baadhi. Waliochanjwa 540, kati yao ikashika kwa 459. Waliobaki bila kinga ni 141. Hao wanalala mabweni mawili matatu pamoja. Ili surua ikose njia, unahitaji kinga kwa kama 95 kwa 100, yaani wasio na kinga wasizidi 30. Uko mbali.

Sasa toa dozi mbili kwa 95 kwa 100, kinga 97 kwa 100: wenye kinga 553, wasio nayo 47. Bado hujafika 30, ila mlipuko utakuwa mdogo na utajizima. Hilo lilionekana Corpus Christi, Texas, mwaka 1985: wanafunzi 1,806 wa shule mbili za sekondari walipimwa damu, waliochanjwa zaidi ya 99 kwa 100, na bado wakaugua 14. Vipimo hivyo vilionyesha asilimia 4 hivi hawakuwa na kinga. Wagonjwa 14 wakati ungetarajia kila asiye na kinga augue: chanjo imefanya kazi yake, ila dozi moja haitoshi. Marekani waliingiza dozi ya pili kwa wote mwaka 1989.

Kwa wanaobisha kwamba chanjo haina maana, wape Texarkana. Mji mmoja, nusu Texas, nusu Arkansas, kama Tunduma na Nakonde zilivyogawana barabara. Arkansas walisukuma chanjo mashuleni, waliochanjwa wakapita 95 kwa 100. Upande wa Texas walikuwa 57 kwa 100. Mlipuko wa Juni 1970 hadi Januari 1971 ulileta wagonjwa 633. Upande wa Texas 606, upande wa Arkansas 27. Wanavuka mpaka kila siku, wananunua maduka yale yale.

Kwetu mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975 na dozi moja. Dozi ya pili, miezi 18, imeingia ratibani 2014, pamoja na chanjo ya surua-rubela. Kampeni ya Oktoba 2014 ilichanja kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15, kwa hiyo vijana wako wengi walipitia hapo. Mara nyingi dozi ya kampeni haikuandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kadi yenye dozi moja haimaanishi kijana ana dozi moja, na asiye na kadi mhesabu kama hajachanjwa. Kumchanja mtu mara ya tatu hakumdhuru.

Siku ya kuchanja shuleni, haya ndiyo yanayoharibika.

Kichupa ni poda ya dozi 10 na kimiminika chake cha mililita 5. Kila mtoto mililita 0.5, chini ya ngozi, mkono wa kushoto juu. Kimiminika kiwe cha kiwanda kile kile na kipozwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 tangu jana yake, maana cha moto kinaiua poda unapochanganya. Poda yenyewe haiharibiki ikiganda, lakini kimiminika kikiganda kinapasua ampuli, na hilo asubuhi za Kitulo ukiacha kibebeo nje unaliona. Ukishachanganya, itumike ndani ya saa 6, au hadi mwisho wa zoezi, kipi kitangulie. Kibandiko cha joto (kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto) kiko kwenye kifuniko, kwa hiyo ukikifungua hakikusaidii tena. Andika saa ya kuchanganya kwenye kichupa kwa kalamu. Chanjo hii haina dawa ya kuzuia vijidudu ndani. Sudan Kusini mwaka 2017 walikufa watoto 15 kwa sababu bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku 4 na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Kila kichupa kina bomba lake la kuchanganyia, kisha linatupwa.

Tuseme wa kuchanjwa ni wanafunzi 480: hao ni vichupa 48 kwa hesabu ya karatasi. Beba 53. Mabomba ya kuchanja 530, ya kuchanganyia 53, masanduku ya usalama ya lita 5 sita, kila moja linachukua mabomba kama 100, usilijaze zaidi ya robo tatu ya ujazo. Mchanjaji mmoja hufikisha 100 hadi 150 kwa siku bila kukimbizana. Adrenalini, dawa ya mzio mkali, iwe mezani, sio kwenye gari.

Wasichana wakubwa waulizwe ujauzito, mmoja mmoja, pembeni, na nesi wa kike. Wenye mimba hawachanjwi. Na wape uji kwanza, wachanjwe wameketi, foleni isione sindano. Akizimia mmoja mbele ya foleni watazimia kumi, na mchana ule redio ya mkoa itasema chanjo imewaangusha watoto.

---

Mwl_Mdandu

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Sasa swali la nyongeza: watu huwa wanasema "wamechanja, ndipo surua ikazidi". Na mgonjwa wa kwanza akitokea sasa hivi, damu inachukuliwa kabla au baada ya kuchanja wengine?

---

Mratibu_Mbozi

Damu kwanza. Chanjo nayo inaleta kwenye damu IgM (kinga ambayo mwili hutoa mwanzoni) kama surua yenyewe, ukichanja kabla utashindwa kutofautisha. Zahanati inachukua mililita 3 hadi 5 kwa washukiwa 5 wa mwanzo. Wakithibitishwa watatu, wanaofuata wanaingizwa kwenye orodha kwa sababu tu walikutana na wagonjwa, hawachukuliwi damu tena. Seramu itengwe na kubaki kwenye baridi, damu nzima isigandishwe kwa barafu. Na ikichukuliwa siku tatu za mwanzo wa vipele, mmoja kati ya wanne au watano anaweza kuonekana hana ilhali anayo, rudia kama dalili zimesimama.

Lawama za "imezidi" zina chanzo chake. Chanjo inamkinga aliyekutana na mgonjwa ikitolewa ndani ya saa 72. Wengi unawakuta wameshapita hapo, wataendelea kutokea wiki mbili hadi tatu baada ya zoezi hata ukichanja kila mtu. Isitoshe, kati ya siku ya 7 na ya 12 wachache wanapata homa na vipele vyepesi vya chanjo yenyewe, ambavyo haviambukizi. Waambie wazazi haya kabla, kwa barua yenye tarehe: "wagonjwa wapya wanaweza kutokea hadi tarehe fulani." Ukiwaambia baadaye unaonekana unajitetea.

Mlipuko unahesabiwa umekwisha siku 42 zikipita bila mgonjwa mpya. Kama zinaangukia kwenye UMISSETA, ongea na afisa elimu mapema, timu yako isisafiri mpaka kila mchezaji awe na dozi yake kwenye daftari.

---

Ipogolo_Kaskazini

Ongeza moja kwenye fomu ya kujiunga kidato cha kwanza: nakala ya kadi ya kliniki, kurasa zote mbili, sio ukurasa wa uzito tu. Wengi wanatoa fotokopi ya ule wa uzito.